Mashini ya mchezo imekufa siku ya tatu: nani anarudisha feza?

Nyumba ya mchezo ya video, iwe Kasongo mjini, Kabambare-centre ao Salamabila, haiombi vitu vingi. Chumba kimoja, televizio moja ao mbili, PlayStation, maneti, benchi ya mbao, na gurupe nyuma ya nyumba ao pano ya jua juu ya bati. Vijana wanalipa kwa mechi. Kwa mwenye chumba, ile mashini si mchezo hata kidogo. Ndiyo inalipa kodi ya nyumba, ndiyo inanunua unga, na mara nyingi ndiyo inatoa minerval ya wadogo zake.

Kwa hiyo siku mashini inapokataa kuwaka, mtu hapotezi starehe, anapoteza kazi. Anaifunga ndani ya karto, anarudi kwa aliyemuuzia, na mara nyingi anakutana na jibu moja: kitu kilichouzwa hakirudi. Kwenye butiki nyingi maneno hayo yameandikwa kabisa ukutani, kwa Kifaransa, juu ya kaunta. Wanunuzi wengi wakiyasoma wanakata tamaa papo hapo, wakidhani ni sheria ya nchi.

Si sheria ya nchi. Ni neno la mwuzaji, na nguvu yake ina mipaka. Lakini mnunuzi naye ana wajibu wake, na asiyeutimiza kabla ya kutoa feza hujikuta baadaye na haki ambayo hawezi kuionyesha.

Sheria ya zamani ambayo bado inafanya kazi

Kanuni inayosimamia mauzo kati ya watu wa kawaida nchini Kongo ni ya zamani sana: dekre ya 30 Julai 1888 kuhusu mikataba, ile ambayo wanasheria wanaiita kitabu cha tatu cha kanuni ya raia. Wakati ilipowekwa saini, Kasongo yenyewe ilikuwa bado mikononi mwa watu wa Tippu Tip, chini ya mwana wake Sefu. Jeshi la Léopold II liliingia mji huo mwaka 1893 tu. Aliyeandika dekre hiyo hakufikiri juu ya PlayStation. Hata hivyo maneno yake yanaifaa vizuri, kwa sababu yanasema juu ya kitu chochote kinachouzwa, mbuzi, baiskeli ao konsoli.

Sheria inagawanya kasoro katika mafungu mawili. Kuna kasoro inayoonekana, na kuna kasoro iliyojificha. Ile ambayo mnunuzi angeweza kuiona mwenyewe kwa kuangalia, mwuzaji haijibii. Maneti yenye kifungo kimoja kilichokufa, kifuniko kilichopasuka, waya uliofungwa kwa skochi: mtu aliyeona hayo akalipa, amekubali. Kasoro iliyojificha ni nyingine. Ni ile ambayo jicho la kawaida halioni, iliyokuwemo tayari siku ya mauzo, na inayofanya kitu kisitumike kwa kazi yake, ao kitumike vibaya hadi mnunuzi asingekinunua, ao angetoa bei ndogo, kama angejua. Lensi ya konsoli iliyochoka, inayosoma sidi kwa nusu saa halafu inagoma ikipata joto, ni mfano ulio wazi kabisa.

Kwa kasoro ya namna hiyo mnunuzi ana njia mbili, na ni yeye anayechagua. Anaweza kurudisha mashini na kupewa feza yake yote. Ao anaweza kubaki nayo na kurudishiwa sehemu ya bei, kwa mfano kiasi cha kununua lensi nyingine. Mwuzaji ambaye hakujua kasoro anarudisha bei na gharama za mauzo, inaishia hapo. Mwuzaji aliyejua akanyamaza anadaiwa zaidi: bei, pamoja na hasara iliyomfikia mnunuzi.

Sasa yale maneno ya ukutani. Sheria inamruhusu mwuzaji kusema mapema kwamba hatoi garanti, na mnunuzi akikubali, neno hilo linashika. Lakini linashika kwa kasoro ambazo mwuzaji mwenyewe hakuzijua. Aliyejua kwamba lensi imekufa hawezi kujificha nyuma ya karatasi ya ukutani. Ugumu ni kuonyesha kwamba alijua. Mashini iliyofunguliwa na fundi juma moja kabla, fundi ambaye yuko tayari kusema aliona nini, ni ushahidi. Uvumi wa mtaani si ushahidi.

Kuna sharti lingine ambalo linaangusha wengi: mnunuzi anapaswa kudai ndani ya muda mfupi. Dekre haitaji siku ngapi, inategemea kitu na desturi ya mahali. Kwa konsoli ya mtumba hakuna hakimu atakayesikiliza kwa urahisi mtu aliyeitumia miezi minne, asubuhi hadi usiku, halafu akakumbuka kulalamika.

Wale wanaofanya biashara wote wawili, kwa mfano mwenye butiki ya Kasongo anayenunua konsoli kumi kwa mfanyabiashara wa Kindu, wako chini ya kanuni nyingine. Kongo iko ndani ya OHADA tangu 12 Septemba 2012, na sheria ya biashara ya umoja huo ina sehemu yake juu ya mauzo kati ya wafanyabiashara. Kijana anayejinunulia mashini moja ya kucheza nyumbani anabaki chini ya dekre ya 1888.

Gurupe, volti na swali la nani ameiunguza

Mzozo unaozuka kwa urahisi zaidi ni huu. Mashini iliwaka kwa mwuzaji, ikafika nyumbani, ikachomekwa kwenye gurupe, ikatoa moshi. Mnunuzi anasema ilikuwa mbovu. Mwuzaji anajibu: "Mdogo wangu, ulijaribu mbele yangu, ilikuwa inawaka. Ni gurupe yako imeiua." Wote wawili wanaweza kuwa wanasema kweli.

PlayStation 2 ilitoka Japani Machi 2000, na Sony waliacha kuitengeneza mwanzoni mwa 2013. Kwa miaka hiyo ziliuzwa zaidi ya milioni 155 duniani, na kwa sababu hiyo bado zinazunguka hadi leo kama mtumba, ao okazioni kama watu wanavyosema. Lakini hazikutengenezwa zote kwa umeme mmoja. Ya Japani ni ya volti 100, ya Marekani ni volti 120, ya Ulaya ni volti 220 hadi 240. Umeme wa Kongo ni volti 220, na gurupe ndogo zinatoa hivyo hivyo, mara nyingine na kupanda zaidi. Mashini ya Japani ikichomekwa moja kwa moja inaungua. Wala haikuwa mbovu.

Jambo hili linasomeka chini ya mashini, kwenye etiketi. Kuna namba inayoanza na herufi SCPH, kama SCPH-50004. Tarakimu ya mwisho inasema mashini ni ya wapi: 0 ni Japani, 1 ni Marekani, 3 ni Uingereza, 4 ni sehemu kubwa ya Ulaya. Pembeni yake volti zimeandikwa. Zile nyembamba zilizotoka baadaye, nyingi zinatumia chaja ya nje ya volti 8.5, kwa hiyo kinachosomwa ni chaja, si mashini, na chaja isiyo yake inaweza kuiua siku hiyo hiyo.

Kwa mtazamo wa sheria, etiketi inayosomeka ni kitu kinachoonekana. Mnunuzi asiyegeuza mashini kuisoma atapata shida kusema kasoro ilijificha. Ila kama mwuzaji aliulizwa "inatumia 220?" akajibu ndiyo, mambo yanageuka: hapo ametoa neno, na neno hilo linamfunga. Ndiyo sababu swali hilo linafaa kuulizwa mbele ya mtu mwingine.

Dekre hiyo ina kanuni nyingine inayosaidia kukata maneno. Kitu chenye kasoro kikiharibika kwa sababu ya kasoro yake, hasara ni ya mwuzaji. Kikiharibika kwa ajali, kwa gurupe iliyopandisha umeme ao mvua iliyopita kwenye bati, hasara ni ya mnunuzi. Fundi ambaye si ndugu ya upande wowote anaweza kusema ni ipi kati ya hizo. Sehemu iliyoungua kwenye mlango wa umeme inaonekana tofauti na lensi iliyochoka.

Kujaribu, na si kwa dakika mbili

Watu wengi wanajaribu konsoli kwa kuangalia kama picha inatokea. Picha haitoshi. Lensi mbovu inaonyesha picha vizuri, inaingia hadi kwenye menu, na inakwama katikati ya kipindi cha pili. Jaribio linalofaa ni mechi nzima, ao mbili, na sidi mbili tofauti ambazo mnunuzi amekuja nazo mwenyewe. Mwuzaji mara nyingi ana sidi yake moja ambayo mashini imezoea kuisoma.

Konsoli nyingi hazisomi tena sidi, michezo iko kwenye flashi na inafunguliwa na kadi ya kumbukumbu iliyotiwa programu. Bila ile kadi, mashini haioni flashi. Kuna walionunua mashini bila kujua kwamba kadi iliyoifanya icheze ni ya mwuzaji na haimo ndani ya bei. Hii si kasoro ya mashini. Ni mapatano ambayo hayakusemwa, na yanaweza kusemwa kwa sentensi moja kabla ya kulipa: mashini, waya, maneti ngapi, kadi, flashi, vyote ni bei moja?

Kwa PlayStation 4 mtego ni mwingine, na unaumiza zaidi kwa sababu bei ni kubwa. Mashini inauzwa "na michezo kumi ndani". Michezo hiyo, kama haikuja kwa sidi, ni ya konti ya mwuzaji, si ya mashini. Inabaki kwenye diski mradi konti yake imeruhusu mashini hiyo. Siku mwuzaji akifungua konti ile kwenye mashini nyingine na kuondoa ruhusa, michezo inafungwa moja baada ya nyingine, kufuli ndogo inatokea juu ya kila picha. Mnunuzi anadhani kuna virusi. Hakuna virusi, amenunua mashini tupu kwa bei ya mashini iliyojaa. Njia ya kuliona hilo mapema ni kumwomba mwuzaji afute mashini yote pale pale, kisha kuhesabu kinachobaki. Kinachobaki ndicho kinachouzwa.

Sidi ya "PES 2025"

Kwenye meza za soko, kati ya flashi na waya za telefone, zinauzwa sidi za mpira za PlayStation 2 zenye kava nzuri na mwaka mpya kila msimu. Ukweli ni mfupi. Mchezo wa mwisho wa PES ambao Konami waliutengeneza kwa PlayStation 2 ni PES 2014. Kwa upande wa EA, FIFA 14 ndiyo ya mwisho. Tangu 2021 hata jina la PES halipo tena, mchezo unaitwa eFootball, na FIFA ya EA iligeuka EA Sports FC mwaka 2023. Sidi yoyote ya PlayStation 2 yenye mwaka wa juu kuliko 2014 ni mchezo wa zamani ambao mtu amebadilisha majina ya wachezaji na jezi, akauchoma kwenye sidi tupu.

Wachezaji wengi wa Kasongo wanalijua hilo na hawajali. Wanataka majina mapya tu, na kazi ya wale wanaobadilisha majina mara nyingine ni nzuri ajabu. Asiyejua ndiye anayelia. Mzazi aliyetumwa na mtoto, ao mwenye nyumba ya mchezo mpya aliyelipa bei ya juu akiamini ni mchezo mpya kutoka kiwandani, amedanganywa juu ya asili ya kitu. Kanuni ya adhabu, dekre ya 30 Januari 1940, inamwadhibu mwuzaji anayemdanganya mnunuzi juu ya kile anachomuuzia. Tena kuchoma na kuuza kazi ya mtu bila ruhusa kunakatazwa na sheria ya 5 Aprili 1986 juu ya haki za watunzi. Kwa kawaida, lakini, sidi moja haimpeleki mtu tribinali. Inayofaa ni kuijaribu kabla, na kukubaliana kwamba isiposoma inabadilishwa kwa nyingine. Wauzaji wengi wanakubali kubadilisha sidi. Kurudisha feza ya sidi, ni wachache.

Karatasi ya daftari inatosha

Fakture ya kuchapwa ni kitu cha miji mikubwa. Lakini hakuna sheria inayosema ushahidi lazima uwe na kachapa. Karatasi ya daftari ya shule, yenye tarehe, jina la mwuzaji na telefone yake, jina la mnunuzi, aina ya mashini na namba iliyo chini yake, bei, vitu vilivyotolewa pamoja nayo, na saini mbili, ina uzito mbele ya mkubwa wa mtaa na mbele ya hakimu. Namba ya mashini ndiyo watu wanaisahau, na bila hiyo mwuzaji anaweza kusema kwa unyoofu kabisa kwamba mashini iliyorudi si ile aliyouza.

Mstari mmoja zaidi unabadilisha kila kitu: "Mnunuzi anapewa siku saba za kujaribu, mashini ikigoma bila kuanguka, bila maji na bila kufunguliwa, mwuzaji anairudisha ao anarudisha feza." Kwa mstari huo hakuna tena haja ya kubishana kama kasoro ilijificha ao ilionekana, wala muda mfupi ni siku ngapi. Wenyewe wamejiandikia sheria yao, na mkataba ambao watu wameukubali kihalali unawafunga kama sheria. Mwuzaji anayekataa siku saba anaweza kukubali tatu. Anayekataa hata moja ameshajibu swali ambalo mnunuzi alikuwa hajauliza.

Kulipa kwa M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money kuna faida hapa, ingawa kuna makato. Ujumbe unaobaki kwenye telefone una jina, saa, kiasi na namba ya malipo. Kanuni ya mambo ya kidijitali ya Kongo, ordonansi-sheria namba 23/010 ya 13 Machi 2023, inatambua maandishi ya elektroniki kama ushahidi. Mazungumzo ya WhatsApp ambamo mwuzaji anasema "iko nzima kabisa, haijafunguliwa" yanafaa kuhifadhiwa pia. Watu wanafuta kila kitu ili kupata nafasi ya video, halafu wanatafuta ushahidi.

Michezo isiyoshikika kwa mkono

Sehemu ya vijana sasa hawanunui sidi wala mashini. Wanacheza kwenye telefone, na wanachonunua ni diamanti za Free Fire, sarafu za eFootball, ao kodi ya kadi ambayo ndugu wa Lubumbashi, Dar es Salaam ao Ubelgiji anawatumia. Hapa dekre ya 1888 iko mbali; anayeamua ni duka la intaneti, na kila duka lina saa yake.

Google Play inapokea ombi la kurudishiwa feza ndani ya saa 48 baada ya kununua. Zikipita, mnunuzi anaelekezwa kwa waliotengeneza mchezo. Steam, duka kubwa la michezo ya kompyuta, linarudisha feza ndani ya siku 14 kama mchezo haujachezwa zaidi ya saa mbili. PlayStation inatoa siku 14, lakini mradi mtu hajaanza kuushusha mchezo. Akibonyeza kushusha, haki imeisha, isipokuwa mchezo wenyewe ni mbovu. Kodi ya kadi ikishaingizwa kwenye konti, kwa kawaida hairudi tena.

Masharti haya hayakutoka kwa huruma ya makampuni. Steam ilianza kurudisha feza kwa utaratibu huo Juni 2015. Wakati huo tume ya Australia ya kulinda wanunuzi ilikuwa tayari imewashitaki wenye Steam, kampuni ya Valve, kwa kuwaambia wateja kwamba hawana haki ya kurudishiwa. Mahakama iliwapa kosa mwaka 2016 na kuwatoza faini ya dola milioni tatu za Australia. Desemba 2020 mchezo wa Cyberpunk 2077 ulitoka ukiwa na kasoro nyingi kwenye PlayStation 4, na Sony, ambao si wepesi kurudisha feza, waliuondoa dukani na kurudisha feza kwa kila aliyeomba. Marekani nako, mwaka 2022, kampuni ya Epic Games ilikubali kutoa dola milioni 245 kwa ajili ya wachezaji wa Fortnite walionaswa kununua vitu bila kukusudia, watoto wakiwemo.

Kesi moja inamgusa Mkongomani moja kwa moja. Huduma ya mtandao ya PlayStation, kusini mwa Sahara, inatambua rasmi Afrika Kusini tu. Kongo haimo kwenye orodha ya nchi. Anayetaka konti anajiandikisha kama mtu wa Ufaransa, Ubelgiji ao Afrika Kusini. Mei 2024 Sony walitangaza kwamba wachezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta lazima wawe na konti ya PlayStation, na mchezo ukatolewa sokoni katika nchi 177 zisizo na huduma hiyo. Kelele zilikuwa nyingi, na baada ya siku chache Sony walirudi nyuma. Kwa mtu wa Kasongo funzo ni la vitendo: kadi ya PlayStation ya Marekani haiingii kwenye konti iliyoandikwa Ufaransa. Kodi ni nzima, konti ni nzima, na feza imekwama. Anayemtuma ndugu wa ng'ambo anunue kadi amwambie kwanza konti ni ya nchi gani.

Kwa Free Fire, vijana wengi hawana kadi ya benki, kwa hiyo wanamlipa mtu mwenye kadi, kwa feza ya telefone, ili awawekee diamanti. Mtu huyo anahitaji kitu kimoja tu, namba ya mchezaji. Hahitaji neno la siri. Anayeliomba anataka konti, si kusaidia. Na kwa kuwa malipo yamepita kwake, Garena na Google hawamjui mnunuzi. Madai yote yanabaki kati ya kijana na huyo mtu.

Mzazi anayekuta feza ya telefone yake imeisha kwa diamanti ana mlango mwingine. Nchini Kongo mtoto ni yule aliye chini ya miaka 18, naye hana uwezo kamili wa kufanya mkataba. Mzazi ao mlezi anaweza kuomba mauzo yafutwe, na kwa mwuzaji wa mtaani hoja hiyo ni ya kweli. Kwa duka la intaneti, kilicho cha haraka ni zile saa 48. Na neno la siri la feza ya telefone ambalo mtoto analijua kwa moyo ni jambo la nyumbani, hakuna hakimu atakayelitatua.

Kutoka kwa mwuzaji hadi tribinali

Mashini ikigoma, wa kwanza kuambiwa ni mwuzaji, siku hiyo hiyo, kwa ujumbe unaobaki. Kupiga telefone tu hakuachi alama. Asipojibu, kuna mkubwa wa mtaa ao wa kijiji, pamoja na shahidi aliyekuwepo siku ya kununua. Mizozo mingi ya namna hii inaishia hapo, na si kwa ushindi wa mmoja: mwuzaji analipa lensi na mnunuzi analipa fundi, ao mashini inabadilishwa kwa nyingine na nyongeza kidogo.

Tribinali ya amani ndiyo yenye uwezo kwa madai ya kiraia yasiyozidi franga 2,500,000 za Kongo, kufuata sheria ya 11 Aprili 2013 juu ya mahakama. Kiasi hicho kinapita bei ya konsoli nyingi za mtumba. Lakini kuna gharama za kufungua faili, na kwa mtu anayetoka vijiji vya mbali vya Kabambare kuna pikipiki, chakula na siku za kungoja, zaidi sana wakati wa mvua. Hesabu hiyo inafaa kufanywa kabla ya hasira. Kama mwuzaji ni msafiri aliyetoka Baraka ao Kalemie na ameshaondoka, hesabu inakuwa mbaya zaidi. Kwa hiyo kununua kwa mtu mwenye mlango unaojulikana, hata kwa bei ya juu kidogo, mara nyingi ni nafuu.

Polisi wana kazi pale ambapo kuna udanganyifu ao wizi, na mashini iliyoibiwa ni hatari ya kweli: mwenyewe akijitokeza, mnunuzi anaweza kubaki bila mashini na bila feza. Lakini deni la kawaida si kosa la jinai. Mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na kisiasa, ambao Kongo iko ndani yake tangu 1976, unakataza kumfunga mtu kwa sababu tu hawezi kutimiza mkataba. Mnunuzi anayemlipa askari ili mwuzaji alale kwenye kasho atatumia feza mara ya pili, na mara nyingi ile ya kwanza hairudi.

Wakati wa kungoja jibu la mwuzaji, mashini inapaswa kubaki ilivyo. Haichomekwi tena, na haipelekwi kwa fundi wa jirani kwa nia njema. Vis zikishafunguliwa, mwuzaji ana neno jipya la kusema, na ni gumu kulijibu: ilikuwa nzima, fundi wako ndiye ameiua. Ikibidi ifunguliwe, ifunguliwe mbele ya wote wawili, na fundi aseme pale pale anachokiona.